Akili, Moyo na Makini: Asili na Maana za Maneno ya Fikra, kwa Mfano wa Handeni na Korogwe

Utangulizi

Katika mijadala ya elimu na lugha nchini Tanzania husikika madai mawili ambayo kwa juu juu hayahusiani. Dai la kwanza ni kwamba mwanafunzi hana umakini. Dai la pili, ambalo aghalabu husemwa kwa sauti ya chini zaidi, ni kwamba lugha za Kibantu hazikuwa na maneno ya kutajia fikra, na kwamba ndiyo sababu Kiswahili kilipotaka kuzungumzia akili, fikra, hekima, busara, nia na dhamiri kililazimika kubisha hodi kwa Waarabu. Madai haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni kuyatumia maneno bila kuuliza yametoka wapi, yamepita wapi na yamebeba nini njiani.

Makala haya yanachunguza maneno hayo kwa kuyatazama kutoka mahali mahususi, yaani wilaya za Handeni na Korogwe katika Mkoa wa Tanga. Eneo hili lina faida mbili kwa uchunguzi wa aina hii. Kwanza, si pwani, lakini haliko mbali na pwani. Maneno ya Kiarabu yalifika huko yakiwa tayari yamevaa vazi la Kiswahili. Pili, wenyeji wake wana lugha zao za Kibantu zilizo na udugu wa karibu na Kiswahili, kiasi kwamba mtu anaweza kuona wazi ni lipi lililokopwa na ni lipi lililokuwapo nyumbani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Kiswahili hakikukopa fikra. Kilikopa majina ya fikra, lakini kazi yenyewe ya kufikiri kiliendelea kuieleza kwa vitenzi vyake vya Kibantu. Mgawanyo huu wa kazi ukieleweka, lawama ya kukosa umakini nayo huonekana kwa sura nyingine.

Mahali na lugha zake

Handeni ni nchi ya Wazigua. Hadi mwaka 2002 wilaya hiyo ilijumuisha pia Kilindi, waliko Wanguu, kabla Kilindi haijawa wilaya inayojitegemea. Korogwe, inayopakana nayo, ni mahali pa makutano: upande wa milima wako Wasambaa, na katika tambarare na bonde la Mto Pangani wako Wazigua, Wabondei na wageni wa makabila mengi waliofuata kazi. Wanaisimu huziweka Kizigua, Kinguu, Kisambaa na Kibondei katika kundi moja liitwalo Seuta, jina linalotokana na mhenga anayetajwa katika masimulizi ya watu hao. Kiswahili kimo katika kundi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Kama Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walivyoonyesha katika utafiti wao mkubwa uliochapishwa mwaka 1993, Seuta na Sabaki ni matawi ya shina moja la lugha za Kibantu za pwani ya kaskazini mashariki. Kwa hiyo Kizigua si mtoto wa Kiswahili, wala Kiswahili si mtoto wa Kizigua. Ni watoto wa ndugu.

Udugu huo unaonekana katika maneno ya fikra. Moyo ni moyo kote. Mahali ambapo Kiswahili sanifu kinasema kujua, Kizigua na Kisambaa husema kumanya, neno la kale lililoenea katika lugha nyingi za Kibantu. Neno mbuli, linalotumika katika lugha za Seuta, lina maana ya neno na pia ya jambo, kama vile Mswahili anavyoweza kumwuliza mwenzake kama ana neno naye, akikusudia jambo. Katika matumizi hayo kauli na shauri havitengani. Anayeleta neno barazani ameleta shauri, na shauri hilo lazima lifikiriwe.

Maneno ya asili ya Kiarabu yalifika katika nchi hii kwa njia tatu kuu. Njia ya kwanza ilikuwa ya misafara iliyotoka Pangani na Saadani kwenda bara, ikifuatana na walimu wa dini ya Kiislamu na vyuo vya Kurani. Njia ya pili ilikuwa ya misheni na shule. Wamisionari wa Kianglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu, waliokuwa na kituo chao kikuu huko Magila, waliandika vitabu vya Kiswahili, Kibondei na Kizigua. Mmoja wao, Walter Kisbey, alitoa kamusi ya Kizigua na Kiingereza mwaka 1906. Njia ya tatu ilikuwa ya reli na mkonge. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na kandokando yake yakaota mashamba makubwa ya mkonge yaliyokusanya vibarua kutoka pembe zote za nchi. Mnyamwezi, Mmakonde na Mzigua waliokutana shambani hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana isipokuwa Kiswahili.

Njia hizi tatu hazikuleta maneno yaleyale kwa uzito uleule. Chuoni neno nia lilikuwa sharti la ibada, maana pasipo nia sala na saumu hazisihi. Misheni ilikuwa na neno dhamiri kwa ajili ya sauti ya ndani inayomshtaki mtu. Shambani, neno akili lilisikika zaidi katika kukemea kuliko katika kusifu. Neno moja linaweza kumfikia mtu kama mafundisho, likamfikia mwingine kama matusi, na tofauti hiyo hubaki katika kumbukumbu ya jamii.

Majina yaliyokopwa

Yafaa sasa kuyatazama majina yenyewe. Akili limetokana na neno la Kiarabu aql. Mzizi wake unahusiana na kufunga, na hasa kumfunga ngamia mguu ili asitangetange. Kamba ya kumfungia huitwa iqal, neno lenye mzizi huohuo. Kwa asili hiyo, mwenye akili si mtu aliyejaa mambo mengi kichwani. Ni mtu ambaye ndani yake mna kamba, mtu ambaye matamanio yake hayaendi kila yanakotaka. Hekima nayo ina ndugu wa namna hiyo, kwa kuwa katika mzizi wa h-k-m, uliotupa pia hakimu na hukumu, limo neno hakama, yaani sehemu ya hatamu inayoshika kinywa cha farasi. Mfugaji wa jangwani alipotafuta mfano wa nguvu inayomwongoza mtu, alichukua vifaa alivyovishika mkononi kila siku.

Busara limetoka katika mzizi wa kuona. Mwenye busara ni mwenye kuona. Dhamiri limetoka katika neno lenye maana ya kilichofichwa, na wanasarufi wa Kiarabu huita viwakilishi kwa neno hilohilo kwa sababu kiwakilishi huficha jina. Nia ni kusudio, na azimio, ambalo Watanzania wamelizoea tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, limetokana na kuazimia, yaani kukata shauri kwa uthabiti. Dhana kwa asili ni kukisia, maoni yasiyofikia yakini. Ndiyo maana msemaji anayejali hutofautisha nadhani na najua, ingawa wanataaluma wamelipa neno dhana kazi nyingine, ya kutaja wazo la jumla katika fani fulani.

Fikra, fikiri na tafakari ni ukoo mmoja. Kiswahili kilichukua maumbo mawili ya kitenzi kimoja cha Kiarabu na kuyapa daraja mbili: kufikiri ni kazi ya kila siku, na kutafakari ni kufikiri kwa kukaa na jambo. Jambo la kuvutia ni kwamba neno hili halikubaki geni kwa muda mrefu. Lilipokea viambishi vya Kibantu kama mzaliwa: fikiria, fikirisha, fikirika, mfikiriaji. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alilichukua umbo hilo na kulifanya jina la nchi ya kubuni, Kufikirika, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Katika jina hilo mzizi ni wa Kiarabu, lakini ku- ya mwanzo na -ik- ya mwisho ni za Kibantu, na bila viambishi hivyo nchi hiyo isingekuwapo. Mfano huu mmoja unatosha kuonyesha kwamba kukopa neno si kukopa sarufi, na kwamba sarufi nayo ni namna ya kufikiri.

Vitenzi vilivyokuwapo

Ukiyatazama kwa makini maneno yaliyotajwa hadi hapa, utaona kwamba mengi ni majina. Yanataja vipawa, hali na matokeo. Lakini mtu akiulizwa afanye nini ili afikiri vizuri, Kiswahili hurudi kwenye vitenzi vyake vya kale.

Kitenzi cha kwanza ni kusikiliza. Kusikia hakumhitaji mtu kufanya juhudi, sauti humjia. Kusikiliza kumeongezewa viambishi vinavyoonyesha kwamba msikiaji mwenyewe anatenda, anaielekeza sikio lake. Kitenzi cha pili ni kukumbuka, ambacho kina jamaa mbali sana na pwani: Wachewa husema kumbukira, na Wazulu husema khumbula. Neno lililotawanyika namna hiyo halikungoja msafara wala shule.

Kitenzi cha tatu kinatoka majini. Kuelea ni kukaa juu ya maji bila kuzama. Neno hilohilo likatumika kwa jambo linapokuwa bayana: limenielea. Kutokana nalo tukapata kueleza, yaani kulifanya jambo lielee, na kuelewa, yaani kufikiwa na jambo lililoelea. Kwa mtazamo huu mwalimu anayeeleza hatii kitu kipya kichwani mwa mwanafunzi. Analipandisha jambo kutoka kilindini hadi mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuliona kwa macho yake. Na mwanafunzi asiyeelewa si lazima awe mjinga; yamkini jambo lenyewe bado liko chini.

Kitenzi cha nne ni kuzingatia. Umbo lake lina mambo mawili. Mzizi wake ni zinga, wenye maana ya kuzunguka, ambao umetupa pia mazingira. Ndani yake imo -at-, kiambishi cha kale kinachoonyesha kugusana na kushikamana, kama katika kufumbata, kuambata na kukumbatia. Kuzingatia, basi, ni kulizunguka jambo na kulishika, kama vile mtu anavyomzungushia mikono yule anayemkumbatia. Ni vigumu kupata neno linaloeleza kazi ya fikra kwa usahihi zaidi kuliko hili: fikra hailengi jambo kwa nukta moja tu, bali hulizunguka pande zote na kulishika lisiponyoke.

Kitenzi cha tano ni kutulia, na hiki ndicho kinachohitaji kuangaliwa zaidi. Kutulia kumetokana na kutua. Kiswahili kilidondosha sauti l kati ya irabu katika maneno mengi, lakini sauti hiyo hujitokeza tena kitenzi kinaponyambuliwa: chagua huwa chagulia, fungua huwa fungulia, na tua huwa tulia. Kutua ni kushusha mzigo, au kushuka na kukaa, kama ndege anavyotua tawini. Kutulia ni kutua mahali na kubaki hapo. Mtu akiambiwa atulie, haambiwi awe mtupu. Anaambiwa aushushe mzigo aliokuja nao ili aweze kushika kilichopo mbele yake.

Tena yapo makao ya vitenzi hivi vyote, nayo ni moyo. Msemaji wa Kiswahili husema moyoni anapowaza bila kutamka. Huweka neno moyoni asilotaka kulisahau. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walipofika kwenye ile amri ya kumpenda Mungu inayotaja sehemu za ndani za mtu moja baada ya nyingine, waliandika moyo, roho na akili. La kwanza ni la Kibantu, mawili ya mwisho ni ya Kiarabu, na msikilizaji wa Kizigua au Kisambaa hakuona mgongano wowote katika kuyapokea. Lugha haikubadilishana moyo kwa akili. Iliviweka vyote viwili na kuvipangia kazi.

Safari ya neno makini

Neno linalolengwa zaidi katika lawama za leo, yaani makini, lina historia inayostahili kusimuliwa peke yake. Katika Kiarabu makini ni kilichosimama imara mahali pake. Kurani inalitumia kwa cheo thabiti alichopewa Yusufu mbele ya mfalme wa Misri, na pia kwa mahali palipo salama ambamo mtoto hutungwa tumboni mwa mama. Kutoka katika mzizi huo Kiswahili kimepata pia yamkini, neno la kutajia jambo lenye uwezekano wa kuwa.

Kiswahili kilipolipokea neno hili, kwanza kililiweka katika tabia. Kamusi za mapema, kama ile ya A. C. Madan ya mwaka 1903 na ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, hulieleza kwa upande wa utulivu, staha na upole wa mwenendo. Mtu makini alikuwa mtu aliyetulia, asiyepayuka, asiyekurupuka. Hapa neno la Kiarabu na kitenzi cha Kibantu vilikutana bila kupangiwa miadi: makini ni aliyesimama mahali pake, na aliyetulia ni aliyetua mahali pake. Watu wawili waliotoka nchi mbili walikuwa wamepiga picha moja.

Baadaye maana ikahama kutoka mtu hadi kazi. Umakini ukawa uelekevu wa mtu kwa jambo analolifanya: kusoma kwa makini, kusikiliza kwa makini. Maana hii ndiyo iliyotawala katika shule na maofisi, hasa baada ya Kiswahili kufanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi mwaka 1967. Kisha maana ikahama mara ya tatu, kutoka kazi hadi hatari. Kuwa makini, katika mazungumzo ya kila siku, mara nyingi ni onyo: jihadhari, kuna gari, kuna mwizi, kuna utelezi. Kitenzi kuangalia kimepita njia hiyohiyo. Angalia laweza kuwa mwaliko wa kutazama, na laweza kuwa onyo la kuogofya, kutegemea sauti ya msemaji.

Kuhama kwa maana si kosa. Maneno yote huhama. Lakini kuhama huku kuna gharama iwapo hakukutambuliwa. Mwalimu anapomwambia mtoto awe makini, mwalimu huenda anakusudia maana ya pili, mtoto akapokea ya tatu. Aliyeambiwa atulie huwa amepewa jambo la kufanya: atue. Aliyeambiwa awe makini bila maelezo zaidi anaweza kudhani ameonywa kuhusu adhabu inayokuja, na mwenye kutazamia adhabu hawezi kulizunguka jambo na kulishika. Anashika hofu. Hivyo lawama ya kukosa umakini inaweza kuzaa hali ileile inayoilaumu.

Fikra barazani

Ushahidi kwamba watu wa eneo hili walikuwa na vigezo vyao vya fikra haumo katika kamusi peke yake. Umo pia katika historia yao. Habari za Wakilindi, kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy na kuchapishwa na misheni ya Magila kwa sehemu kati ya miaka ya 1895 na 1907, kinasimulia jinsi Mbegha, mwindaji kutoka Unguu, alivyofika Usambara na kufanywa mfalme. Mwandishi aliyajua mambo ya Wakilindi kwa karibu, kwa kuwa alimtumikia Semboja, mtawala wa Mazinde, mji ulio katika wilaya ya Korogwe ya leo. Katika masimulizi hayo Mbegha anapendwa kwa mambo mawili: nyama anayowagawia watu na namna anavyoamua mashauri yao. Mwindaji ni mfano wa mtu anayeweza kunyamaza na kungoja. Mwamuzi ni mfano wa mtu anayelizunguka shauri pande zote kabla ya kusema. Masimulizi yanamfanya mtu mmoja awe vyote viwili, na ufalme unatokana na muungano huo.

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika vitabu viwili mashuhuri juu ya Wasambaa, mwaka 1974 na mwaka 1990, alionyesha kwamba mawazo yao ya kisiasa yalizunguka semi mbili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuidhuru nchi. Mtawala, mganga na mshauri walipimwa kwa swali moja: je, tendo lake linaleta mvua na shibe, au linaleta njaa? Katika kitabu chake cha pili aliwaita wakulima hao wanafikra. Alionyesha kwamba upinzani wao dhidi ya mpango wa kikoloni wa kuhifadhi udongo huko Usambara, baada ya Vita Kuu ya Pili, haukuwa ukaidi wa wasiofikiri. Ulikuwa mjadala kamili juu ya ardhi, mamlaka na riziki, ulioendeshwa kwa msamiati ambao maafisa hawakuujua. Waliosikia kelele walikuwa wamekosa kamusi.

Tukio hilo lina funzo kwa somo hili. Ukimpima mtu kwa maneno yako pekee, na maneno hayo hana, utahitimisha kwamba hana fikra. Kumbe wewe ndiye huna maneno yake.

Lugha iliyokwenda na kurudi

Handeni ina ushahidi mwingine usio wa kawaida. Katika karne ya 19, hasa wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1830 na baadaye, Wazigua wengi walichukuliwa kwa njia ya bahari hadi Somalia na kufanywa watumwa. Baadhi yao walitoroka wakajenga vijiji katika msitu wa bonde la Mto Juba. Masimulizi yao humtaja Wanankhucha, mwanamke aliyewaongoza katika kutoroka huko. Huko waliendelea kuzungumza Kizigua, vizazi kwa vizazi, wakiwa wamezungukwa na Kisomali na si Kiswahili.

Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, wengi wao walikimbia. Sehemu yao ilirudi katika nchi ya mababu na kupokewa wilayani Handeni, kwanza Mkuyu, kisha katika makazi ya Chogo, na hatimaye wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Walipokutana na wenyeji wa Handeni waliweza kuelewana, baada ya zaidi ya karne moja na nusu ya kutengana.

Jambo hili lina uzito kwa dai la pili lililotajwa mwanzoni. Watu hawa waliishi vizazi kadhaa bila chuo cha pwani kinachofundisha kwa Kiswahili, bila shule ya msingi ya Kiswahili, bila kamusi. Walipanga kutoroka, waligawana mashamba, waliamua kesi, walilea watoto, na walikumbuka walikotoka. Shughuli hizo zote ni kazi za fikra, na zilifanywa kwa Kizigua. Lugha isiyo na maneno ya kufikiria isingeweza kubeba kumbukumbu hiyo umbali huo wote na kuirudisha.

Hitimisho

Imeonekana kwamba msamiati wa fikra katika Kiswahili una tabaka mbili zinazosaidiana. Tabaka la Kiarabu limetoa majina yenye asili ya kufunga, kuongoza, kuona, kuficha na kusimama imara. Tabaka la Kibantu limetoa vitenzi vyenye asili ya kusikia, kuelea, kuzunguka, kushika na kutua. Tabaka la kwanza linatuwezesha kuizungumzia fikra. La pili linatuwezesha kumwambia mtu namna ya kuifanya. Si kweli kwamba la kwanza ni la wenye elimu na la pili ni la wasio nayo.

Kutokana na hayo yapo mambo matatu yanayofaa kuzingatiwa. La kwanza linahusu darasa. Katika shule za Handeni na Korogwe, kama kwingineko, mtoto anayeambiwa atulie, asikilize, alizunguke swali kisha alieleze, amepewa hatua nne anazoweza kuzifuata, na maneno yenyewe yana harufu ya nyumbani kwake. Mtoto anayeambiwa tu kwamba hana umakini amepewa hukumu bila njia.

La pili linahusu kamusi. Kizigua, Kisambaa, Kibondei na Kinguu bado vina wazee wanaojua maneno ya barazani, maneno ya kupimia shauri na ya kumsifu mtu mwenye kulitua. Kisbey na wenzake walianza kazi ya kuyaandika zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwa mahitaji yao ya wakati ule. Kazi hiyo haijakamilika, na wanaoweza kuikamilisha hupungua kila mwaka. Vyombo vinavyounda istilahi za Kiswahili vinapohitaji neno jipya la saikolojia au la falsafa, vingefanya vyema kupita kwanza katika nyumba za ndugu wa Kiswahili kabla ya kuvuka bahari.

La tatu linahusu heshima. Anayesema kwamba watu fulani walikosa maneno ya fikra huwa anasema, pasipo kukusudia, kwamba walikosa fikra zenyewe. Historia ya maneno yaliyochunguzwa hapa inakanusha kauli hiyo. Mfugaji wa jangwani alifunga ngamia, akapata jina la akili. Mbantu alishusha mzigo wake chini, akapata jina la utulivu. Wote wawili walikuwa wametambua jambo moja, kwamba fikra huanza pale mtu anapoacha kutangatanga. Kiswahili kiliwakuta wote wawili wamelitambua, kikayachukua majina yote mawili.